Mtoto Yuko kwa Taa

Ukipita usiku kwenye wadi ya watoto wachanga ya hospitali kubwa hapa Mombasa, kona ya watoto wenye ugonjwa wa manjano utaitambua kabla hujaonyeshwa. Mwanga wa buluu unamwagika mpaka kwenye korido, na chini yake wamelala watoto waliovuliwa kila kitu isipokuwa nepi, macho yamezibwa kwa kitambaa. Mama akiona hivyo mara ya kwanza hushika kifua. Mimi ni muuguzi wa wadi kama hiyo, na mara nyingi kazi inayotangulia kuwasha taa ni kumkalisha huyo mama na kumweleza kwamba mwanawe hajafanyiwa jambo baya.

"Mtoto yuko kwa taa," ndivyo wanavyopashana habari kwenye simu. Ukisikiliza wanavyolitamka, utadhani ile taa ndiyo daktari, ndiyo muuguzi, na ndiyo dawa. Hapo ndipo mimi nisipokubali. Taa haina akili. Itamulika chochote kilichopita mbele yake: ngozi, shuka, leso ya nyanya yake mtoto. Kinachomtoa mtoto kwenye hatari ni ngozi iliyo wazi, umbali ulio sawa na maziwa yanayoingia tumboni, na yote matatu yako mikononi mwa watu.

Manjano yenyewe yatoka wapi? Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi kuliko anazohitaji akishatoka tumboni, na chembe hizo huishi muda mfupi kuliko zetu sisi wakubwa. Zikivunjika hutoa uchafu wa rangi ya manjano uitwao bilirubini. Ini ndilo la kuushughulikia, lakini ini la mtoto wa siku mbili bado halijashika kazi. Basi bilirubini inajaa kwenye damu na kutua kwenye ngozi na macho. Katika kila watoto 100 waliotimiza miezi, kama 60 hupata manjano kiasi wiki ya kwanza. Kwa njiti, yaani waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, hufika kama 80. Wengi wao hawahitaji kitu zaidi ya kunyonya vizuri.

Tunachokiogopa ni wale wachache ambao bilirubini inapanda mpaka inaingia kwenye ubongo. Mtoto huyo huanza kwa kulala kupita kiasi na kunyonya kwa uvivu. Baadaye kilio chake kinakuwa chembamba na kikali, mgongo unapinda kwa nyuma, na akinusurika anaweza kubaki kiziwi, au na viungo visivyomtii maisha yake yote. Madhara hayo yakishaingia hayatoki. Hasira hunipanda nikikumbuka kwamba ni jambo linaloweza kuzuiwa kwa taa na maziwa.

Kinachotuponza hapa pwani, kwa maoni yangu, ni hesabu ya siku. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, na hayo angalau tunayaona wenyewe kwa sababu mama bado yuko wodini. Lakini manjano mengi huanza siku ya pili au ya tatu, na hupanda juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya tano. Siku hizo mama aliyejifungua salama keshafika kwake zamani. Yuko ndani, ameanza arobaini. Anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, mlango umerudishwa na pazia limeshushwa mtoto asipate jicho la watu. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye desturi hiyo na ninaipenda, kwani hakuna mzazi anayetunzwa vizuri kuliko mzazi wa Kiswahili mwenye mama na shangazi zake. Ila vyumba vingine vya Mji wa Kale havioni jua hata saa sita za mchana, na mtoto aliyelala humo ndani ya chandarua anaweza kuwa manjano mpaka nyayoni pasiwe na aliyejua.

Kwa hiyo wazazi wanaporuhusiwa kwenda nyumbani mimi huwaambia: kila siku, kwa wiki nzima, mtoeni mtoto mpaka dirishani au kwenye baraza mumtazame kwa mwanga wa mchana. Ngozi yetu nyeusi huficha manjano, kwa hiyo msitazame mashavu. Bonyeza paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, uachilie, uone rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Tazama weupe wa macho, tazama ufizi, tazama viganja na nyayo. Nyayo zikiwa za manjano usisubiri kesho.

Nikisema dirishani, mavyaa hunidaka papo hapo: "Si ndio, hata sisi twasema aanikwe jua la asubuhi!" Hapo huwa natabasamu, maana wazee hawa hawajakosea kama madaktari wengine wanavyowafanya wajione. Tiba yenyewe ilianzia juani, na aliyeigundua alikuwa muuguzi. Jina lake Sista Jean Ward, msimamizi wa watoto njiti katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza. Mwaka 1956, kipindi cha joto la kwao, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto wake nje wapate hewa na jua, jambo ambalo wakubwa wake hawakulishabikia. Siku moja madaktari wakizunguka wodini aliwafunulia mtoto mmoja. Mwili wake ulikuwa umepauka, manjano karibu yamekwisha, isipokuwa pembe tatu moja ya ngozi iliyokuwa bado manjano ya kukoza. Wakamuuliza kama amempaka dawa. Akawajibu kwamba hayo ndiyo manjano yale yale aliyokuwa nayo mwili mzima. Pale palifunikwa na pembe ya shuka, kwingine kote jua limeyafuta. Wiki chache baadaye kichupa cha damu ya mtoto mwingine kikasahaulika kwenye kizingiti cha dirisha chenye jua, na kilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka kupita ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunda kitanda cha taa na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Marekani haikuridhika mpaka Daktari Jerold Lucey na wenzake walipochapisha majaribio yao mwaka 1968.

Ile pembe tatu ndiyo elimu yote ya kona ya buluu. Mwanga unafanya kazi pale unapogusa, basi. Unapoingia kwenye ngozi hubadilisha umbo la bilirubini ili iweze kuyeyuka majini na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kungoja ini likomae. Unaofaa zaidi ni mwanga wa buluu, wa urefu wa mawimbi wa nanomita 460 mpaka 490. Wengi hudhani ni ile miale ya jua inayounguza ngozi; la, miale hiyo haitakiwi kabisa. Na hiyo ndiyo sababu jua la barazani halitoshi kwa mtoto ambaye damu yake imeshafika kiwango cha kutibiwa. Jua la Mombasa halina kipimo: saa moja linachoma, saa ya pili wingu limeziba, na mtoto wa siku tatu uchi barazani anapata joto la kupita kiasi au baridi kabla manjano hayajapungua. Kule Nigeria watafiti walitengeneza vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi ya plastiki inayochuja miale mibaya na joto, na matokeo yao ya Lagos yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kuwa jua lililochujwa hivyo, chini ya uangalizi wa wauguzi, halikuzidiwa na taa. Maneno mazito hapo ni "chini ya uangalizi wa wauguzi."

Turudi kwenye leso. Nyanya mmoja kutoka Likoni, mtu mzima wa heshima zake, alivuka feri asubuhi kuja kumwona mjukuu. Tulimruhusu kuingia kwa muda mfupi. Niligeuka kumwekea mtoto wa jirani maziwa, niliporudi mjukuu kafunikwa leso kuanzia shingoni mpaka miguuni, mpya kabisa, inanukia udi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mwamuacha uchi na feni yazunguka? Huyu yuwaona baridi."

Sikumkemea. Nilichukua kipimajoto nikakiweka kwapani mwa mtoto mbele yake, tukangoja pamoja: 37.1. Nikamwambia, bi mkubwa, mtoto tunamtaka awe kati ya 36.5 na 37.5, huyu yuko sawa sawa. Kisha nikamkunjulia leso yake nikamwonyesha mwanga unaishia juu ya kitambaa na ngozi chini iko gizani. Akaelewa mara moja. Sio tu akaelewa. Siku iliyofuata alimfunza mkwe wake aliyekuwa kitanda cha pili, kwa ukali ambao mimi nisingethubutu.

Hofu yake ya baridi lakini haikuwa ya kipuuzi, na feni nilienda kuigeuza. Joto la mwili wa mtoto aliye kwa taa hubadilika haraka pande zote mbili. Januari mpaka Machi, upepo wa kaskazi unapokuwa umelala na wadi inachemka, taa za zamani za mabomba huongeza joto juu ya joto, na mtoto anapoteza maji kupitia ngozi bila jasho lolote kuonekana. Miezi ya mvua ya kusi, mtoto huyo huyo wa kilo mbili anaweza kupoa usiku. Ndiyo maana tunampima kila saa tatu, sambamba na kulisha.

Macho tunayaziba kwa sababu mwanga mkali huo unaweza kudhuru utando wa ndani ya jicho. Kitambaa kisikaze, kisitelemke kikaziba pua. Hilo la pua ndilo linalonifanya nipite pite usiku kucha, maana mtoto mwenye nguvu akijigeuza hukisogeza kwa dakika moja, na hatakuita. Kila akila kinavuliwa, macho yanasafishwa na kutazamwa kama yametoa matongo. Na tafadhali, wanja tuuache nyumbani. Najua uzuri wa mtoto wa Kiswahili mwenye wanja na kipaji, lakini chini ya kitambaa kile unakuwa uchafu tu, na baadhi ya wanja wa dukani una risasi ndani yake. Mafuta nayo, ya nazi au ya simsim, tunayakataza mwili mzima muda wote wa taa.

Sasa maziwa. Kama ningeambiwa nichague jambo moja la kupigania kwenye kona hiyo, ningechagua hili, na taa ningeiweka ya pili. Bilirubini hutoka kwa choo. Choo kikikawia tumboni, utumbo huirudisha bilirubini kwenye damu na kazi inaanza upya. Mtoto asiyekula hapati choo. Mtoto asiyepata choo atakaa kwa taa mpaka mama achoke na sisi. Kwa hiyo kunyonya ni mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Wale ambao kiwango chao si cha kutisha tunawatoa kwenye taa wanyonye, tunavua kitambaa, mama amtazame mwanawe usoni. Nusu saa nje ya taa haiharibu kitu. Aliyekaribia kiwango cha kubadilishwa damu hatumtoi. Mama anakamua, tunamnywesha kwa kikombe au kwa mpira wa puani akiwa pale pale chini ya mwanga.

Maji ya glukosi, maji matupu, asali ya kuonjeshwa, hayo hayasaidii. Maji yanajaza tumbo dogo lililokuwa lipokee maziwa, na bilirubini haisafishwi kwa maji kama mama wengi wanavyoambiwa mtaani. Asali kwa mtoto aliye chini ya mwaka ina hatari yake nyingine kabisa, ya sumu ya vijidudu inayolegeza misuli.

Lakini mama atoe maziwa kutoka wapi kama hajala? Hapa ninalaumu. Nimefanya kazi mahali ambapo mama aliyeruhusiwa kutoka hana kitanda tena, mtoto akiwa bado ndani. Analala kwenye benchi, anakula akiletewa, na tunamtaka kila saa tatu aje na maziwa. Anayemwokoa ni dada yake anayekuja na chupa ya chai iliyojaa uji na kontena la samaki wa kupaka. Kwenye makaratasi ya wadi mama huandikwa kama mgeni. Mimi ningemwandika kama mfanyakazi, nimpe chakula na mahali pa kujinyoosha, kwa sababu nusu ya tiba inatoka kwake.

Nepi husema mengi. Choo cha mtoto aliye kwa taa huwa chepesi na cha kijani. Mama hushtuka akadhani ni kuhara, kumbe ndiyo bilirubini inatoka. Baada ya siku chache za kwanza tunataka nepi 6 au zaidi za mkojo kwa siku. Mizani kila asubuhi, na aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa anatafutiwa sababu siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo wanafunzi husahau: zima taa kabla hujamtazama mtoto. Chini ya buluu kila mtoto anaonekana sawa, na midomo iliyokosa hewa hutaiona. Tena ngozi ikishakaa kwa taa hupauka mapema kuliko damu, kwa hiyo jicho haliaminiki tena. Kipimo ni damu ya kisigino, na taa izimwe wakati damu inachukuliwa. Kichupa chenyewe kifunikwe kisipigwe na mwanga njiani kwenda maabara, maana yaliyotokea kwenye kizingiti cha Rochford hutokea hata hapa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mzima aliyetimiza miezi huwekwa kwa taa bilirubini yake ikifika mikromoli 310 kwa lita ya damu kuanzia siku ya tatu, na njiti au mwenye hatari nyingine 250. Siku ya kwanza hatungoji namba: manjano yakionekana, taa inawashwa.

Kuhusu taa zenyewe nitasema machache ila kwa uchungu. Mwanga hupungua kadiri unavyoinua taa juu, vile vile unavyopoteza joto ukijisogeza mbali na jiko la makaa. Nimekuta taa imepandishwa mpaka kimo cha kifua cha mtu ili iwe rahisi kufanya usafi, na imeachwa huko. Mabomba ya zamani huchoka baada ya kama saa 2,000 za kazi, lakini yakichoka hayazimiki. Yanaendelea kuwaka buluu ile ile na mtoto hapati kitu. Kwa macho huwezi kujua. Kuna kifaa kidogo cha kupimia mwanga pale mtoto anapolala, na kwa tiba kali kinatakiwa kisome 30 kwenda juu. Watu wako tayari kutoa msaada wa taa mpya na kupiga picha, lakini sijaona aliyeleta kipimo. Tunafanya tunachoweza: tunaandika tarehe ya kubadilisha bomba kwenye plasta na kuibandika ubavuni, tunazungushia shuka jeupe pembeni ili mwanga unaotawanyika urudi kwa mtoto, huku tukiacha nafasi ya hewa kupita. Stima ikipotea na jenereta ikachelewa, mtoto anaenda kifuani kwa mama akanyonye.

Liko moja la hapa kwetu ambalo huwa siliachi kabla mtoto hajatoka. Pwani yetu imekaa na malaria karne nyingi, na pamoja nayo wako wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike. Wengi wanaoumia nao ni wavulana, kwani hurithiwa kupitia kwa mama. Mtu anaweza kuishi nao miaka asijue, mpaka akutane na kitu kinachozichokoza chembe zake. Kwa mtoto mchanga, vitu hivyo viwili vimo nyumbani mwetu: vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende vinavyowekwa kabatini kati ya nguo, na hina. Nguo za mtoto wa kwanza zilizokaa miaka sandukuni na vidonge hivyo zifuliwe na kuanikwa juani vizuri, au bora zaidi vidonge vyenyewe visiingie nyumba yenye mtoto. Hina apakwe mama, apakwe shangazi, apakwe mavyaa mpaka viwiko. Mtoto asipakwe, si nyayo wala viganja, hata kama ni sherehe ya akika.

Taa ikizimwa tunarudia kipimo baada ya saa 12 mpaka 24, kwa sababu bilirubini huweza kurudi kupanda, hasa kwa njiti na kwa wale ambao damu ya mama na mtoto haikupatana. Wazazi huona tunawachelewesha kwa makusudi. Waliofika kiwango cha juu sana tunawaandikia wakapimwe masikio baadaye, na hilo nalo huwa napiga simu kulikumbusha.

Kisha kuna la choo. Manjano yakipita siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au 21 kwa njiti, arudi. Na kama choo chake ni cheupe kama chokaa huku mkojo umekoza rangi, asingoje hata hizo siku, wala asirudishwe kwa taa; huenda mirija ya nyongo imeziba, na upasuaji wake huwa na matumaini zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Mama wa arobaini akisema, "Sista, nitatoka ndani vipi siku hizo?" huwa namwambia amtume mavyaa na nepi chafu ndani ya mfuko. Wako waliokuja nayo mpaka mlangoni kwetu, na nepi tuliifungua.